Je, Mama Yangu Ananidai Sala?

Somo tulilokuwa tumelitayarisha kwa kipindi cha leo tumeliweka kando, kwa sababu ya barua iliyotufikia kutoka Ngaremara.

Kwa wale wasiopafahamu, Ngaremara ni kata iliyo kaskazini mwa mji wa Isiolo, kando ya barabara kuu iendayo Archer's Post na Marsabit. Wakazi wake wengi ni Waturkana, watu wa mbuzi na ngamia, ambao humwita Mungu Akuj, wawe wa kanisa hili au lile. Huko Mkatoliki na Mprotestanti huchota maji mahali pamoja, na mara nyingi hulala chini ya paa moja. Ndiyo maana swali hili limetoka huko.

Aliyeandika ni mama wa watoto wanne. Alibatizwa Mkatoliki akiwa mtoto mchanga, akaolewa katika nyumba ya Kiprotestanti, na tangu hapo amekuwa mshiriki wa kanisa la mumewe. Mwaka huu mama yake mzazi alifariki. Usiku wa kuamkia maziko, watu wa jumuiya ya Kikatoliki walikuja nyumbani kusali rozari. Yeye alibaki nje penye moto akisugua sufuria zilizokwisha kuwa safi, maana mzee mmoja wa kanisa lake alikuwa amemwonya ya kwamba akiketi pamoja nao, basi amewaabudu wafu. Sasa kaka yake mkubwa amemtaka atoe sehemu yake kwa ajili ya Misa ya kumkumbuka mama. Aliposita, kaka alimwambia, "Mama alikubeba mgongoni, nawe wamnyima hata sala?"

Mwisho wa barua ameandika hivi: "Ikiwa mama yuko mahali anateseka na kungoja sala zetu, nami nimenyamaza, je, si nimemwacha? Je, ananidai?"

Barua hiyo tuliisoma mara mbili kabla ya kuthubutu kutafuta jibu. Anayeuliza ni mtoto aliyefiwa na mama, na hapendi kushindana na mtu.

Kwanza twataka kueleza wenzetu Wakatoliki wanaamini nini hasa, jinsi wanavyofundisha wenyewe. Wengi wetu habari zao tumezipata kwa watu wengine, tena waliokuwa na hasira. Amri ya Mungu yatukataza kumshuhudia jirani uongo. (Wengi wetu twaihesabu kuwa amri ya tisa, Wakatoliki, na ndugu zetu Walutheri pia, huihesabu ya nane. Kwa hesabu yoyote ni amri ile ile.)

Kiswahili chetu chaweza kutusaidia hapa. Kuna kumwombea mtu, na kuna kumwomba mtu. Herufi moja tu imeongezeka, lakini maana ni mbali. Mkatoliki anapomsalia mama yake aliyekufa, anamwombea: yaani anasema na Mungu juu ya mama. Lakini anapomtaja Mariamu au mtakatifu mwingine katika sala, anamwomba: yaani anamtaka huyo aliye mbele za Mungu amwombee yeye aliye bado duniani, kama vile wewe unavyomwambia mchungaji wako, "Mzee, unikumbuke katika maombi." Kuabudu, kwa mafundisho yao, ni kwa Mungu peke yake. Hivyo yule mzee aliyemwonya dada yetu alikosea katika jambo moja kubwa. Usiku ule jumuiya walikuwa wakimwombea marehemu, wakamtaka na Mariamu amwombee. Hakuna aliyemwabudu yule mama.

Tutoe mfano wa papo hapo Isiolo. Mwaka 1995 Isiolo ilitengwa na jimbo la Meru, ikapewa kiongozi wake wa kwanza, Luigi Locati, mzaliwa wa Italia. Alifanywa askofu, na tarehe 14 Julai 2005 akauawa kwa risasi mjini Isiolo. Isiolo imekuwa jimbo kamili tangu mwaka 2023. Sasa, Wakatoliki wanapomkumbuka askofu huyo katika Misa, wanamwombea. Hata kama wako wanaoamini kwamba yuko mbinguni tayari, Kanisa lao halimwombi hadharani katika ibada, kwa kuwa halijamtangaza kuwa mwenye heri wala mtakatifu.

Kisha tazama ng'ambo ya Mlima Kenya. Huko Nyeri, tarehe 23 Mei 2015, Sista Irene Stefani, ambaye Wagikuyu walimwita Nyaatha kwa sababu ya huruma yake, alitangazwa mwenye heri. Alifariki Gikondi tarehe 31 Oktoba 1930, baada ya kuambukizwa tauni na mgonjwa aliyekuwa akimwuguza. Huyo sasa wanamwomba. Kabla ya kumtangaza, Kanisa lao lilipokea ushuhuda wa watu wa Nipepe, nchini Msumbiji, waliojificha kanisani wakati wa vita mnamo Januari 1989, wakamwomba Nyaatha awaombee, na maji kidogo ya kisima cha ubatizo yakawatosha. Ukiwauliza ni nani aliyewapa maji hayo, watakujibu: Mungu. Nyaatha aliomba tu pamoja nao.

Sisi Waprotestanti hatufanyi hivyo. Twasoma katika 1 Timotheo 2:5 kwamba mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, naye ni Kristo Yesu, wala hatuoni mahali katika Maandiko ambapo tumeagizwa kusema na waliokufa ili watuombee. Basi hatusemi nao. Lakini tusimshitaki mtu kosa ambalo hakulitenda.

Turudi kwa mama wa Ngaremara, maana swali lake si juu ya watakatifu. Ni juu ya toharani.

Toharani ni nini? Neno lenyewe latokana na tohara, yaani usafi. Wakatoliki hufundisha kwamba mtu aliyekufa akiwa katika neema na urafiki wa Mungu, lakini hajatakaswa kabisa, hutakaswa baada ya kufa ili apate kuingia katika furaha ya mbinguni. Fundisho hilo lilitamkwa katika mitaguso yao ya Lyons mwaka 1274, Florence mwaka 1439, na Trent mwaka 1563, nayo Katekisimu yao ya mwaka 1992 imelieleza kwa aya tatu tu, 1030 hadi 1032. Tumelitaja hilo kusudi, kwa maana mambo mengi yanayosemwa vijijini juu ya toharani, kama vile miaka mingapi, moto wa namna gani, na nani ameonekana usiku akilia njaa, hayamo katika fundisho hilo. Mtaguso wa Trent wenyewe uliwaagiza maaskofu wasiwahubirie watu wa kawaida maswali magumu yasiyojenga, na wakataze kila kitu chenye harufu ya ushirikina na fedha ya aibu.

Yako mambo mawili ambayo Waprotestanti wengi hawayajui. La kwanza, toharani si nafasi ya pili. Aliyekufa akimkataa Mungu hawezi kuokolewa kwa Misa, hata zisomwe mia. Na kila aliye toharani, kwa mafundisho yao, wokovu wake ni hakika. Hakuna anayetoka huko kwenda jehanamu. La pili, si lazima mtu akufikirie kama gereza. Papa Benedikto wa 16, katika barua yake ya mwaka 2007 juu ya tumaini, alieleza maoni ya wanateolojia wa siku hizi kwamba moto utakasao ni Kristo mwenyewe: mtu hukutana naye, na macho yake yanachoma yote yaliyo ya uongo ndani yetu. Wala muda wa kuchomwa huko, alisema, haupimwi kwa saa za dunia hii.

Basi kwa nini wanawaombea? Kwa sababu wanaamini kwamba mauti haikati ushirika wa watakatifu. Maneno hayo, ushirika wa watakatifu, makanisa yetu mengi huyakiri pia katika Imani ya Mitume. Kwao Kanisa ni moja katika hali tatu: walio safarini duniani, wanaotakaswa, na walio mbinguni, na sala hupita katikati yao kama chakula kinavyopita kati ya nyumba za jamaa moja. Andiko lao kubwa ni Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, ambapo Yuda Makabayo alikusanya fedha na kuzipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliouawa vitani. Kitabu hicho kimo katika Biblia yao ya vitabu 73. Katika yetu ya vitabu 66 hakimo. Na desturi yenyewe ni ya kale sana. Monika, mama yake Augustino, alipokuwa akifa huko Ostia mwaka 387, hakujali azikwe wapi. Aliwaomba wanawe wamkumbuke tu kwenye madhabahu ya Bwana. Augustino ndiye aliyeyaandika hayo, naye wengi wetu tunamheshimu.

Siku kuu ya kazi hiyo ni tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote. Kutoka tarehe 1 hadi 8 ya mwezi huo Mkatoliki anayezuru makaburi na kuwaombea wafu, akiungama, akipokea Komunyo, akasali pia kwa nia za Papa, na kuachana na dhambi kwa moyo wote, hupata kile wanachokiita rehema kamili, ambayo ni kwa ajili ya marehemu tu.

Hapa ndipo penye kidonda cha kale. Mwaka 1517 Martin Luther aliandika hoja zake 95, kwa sababu rehema za namna hiyo zilikuwa zikiuzwa katika Ujerumani, na maskini waliambiwa kwamba fedha yao yaweza kumtoa mama yao motoni. Dhambi hiyo ilikuwa ya kweli, na Kanisa Katoliki lenyewe liliiondoa biashara hiyo katika karne ile ile. Sheria yao ya sasa, ya mwaka 1983, yasema kwamba padre aweza kupokea sadaka ya Misa, lakini hata sura ya biashara iepukwe kabisa, tena yawahimiza mapadre kuwasomea Misa kwa nia ya waamini maskini hata kama hawakutoa kitu. (Ni kanuni ya 945 na 947, kwa apendaye kuhakikisha.) Kwa hiyo, mama, hata ukiipima kwa kipimo cha Wakatoliki wenyewe, mama yako hazuiliwi mahali fulani kwa sababu ya shilingi zako ambazo hazijafika. Kaka yako aliposema vile, nadhani ni uchungu uliokuwa ukisema. Katekista wake angemwambia hivyo hivyo.

Sasa sisi tunaamini nini? Twaamini kwamba Bwana Yesu aliposulubiwa alimwahidi yule mnyang'anyi kuwa pamoja naye peponi siku ile ile. Soma Luka 23:43. Mtu huyo hakuwa na wakati wa kujitakasa. Hakubatizwa, hakufunga, hakurudisha alichoiba. Paulo naye alitamani kuondoka akae na Kristo, wala hakutaja kituo cha njiani, Wafilipi 1:23. Na Waebrania 10:14 yatuambia kwamba kwa toleo moja Kristo amewakamilisha hata milele hao wanaotakaswa. Wakatoliki husoma 1 Wakorintho 3, palipoandikwa juu ya mtu atakayeokolewa kama kwa moto, nao wanaiona toharani hapo. Sisi twaona kwamba Paulo anazungumza juu ya kazi ya wajenzi wa Kanisa itakayopimwa siku ile, na moto ule wapima kazi, hautakasi roho. Hatuwezi kuyafanya maneno haya mawili kuwa neno moja kwa ajili ya amani ya jamaa. Tofauti ipo.

Hata hivyo tusiseme kwamba Waprotestanti wote wamekuwa na sauti moja. Kitabu cha sala cha Waanglikana cha mwaka 1549 kilikuwa na sala za kuwaombea waliofariki. Kile cha mwaka 1552 kiliziondoa. Ungamo la Westminster la karne ya 17, ambalo Wapresbiteri hulifuata, lakataza kabisa kuwaombea wafu. Lakini Luther yule yule wa hoja 95, alipoandika ungamo lake mwaka 1528, alisema kwamba kwa kuwa Maandiko hayatuambii lolote juu ya jambo hilo, yeye haoni kuwa ni dhambi mtu akimwomba Mungu kwa uhuru amrehemu marehemu ikiwa hali yake yaruhusu, na akiisha kufanya hivyo mara moja au mbili, basi, yatosha. Kilichomkasirisha kilikuwa Misa za malipo na siku za ukumbusho zisizo na mwisho. Machozi ya mtoto hayakumkasirisha.

Na tujitazame sisi wenyewe. Ni mara ngapi umesikia, katika maziko ya Kiprotestanti kabisa, mtu akimaliza salamu zake kwa kusema, "Mungu ailaze roho yake mahali pema"? Twasema hivyo kila juma. Twaandika hivyo kwenye matangazo ya vifo. Hilo nalo ni ombi juu ya mtu aliyekwisha kufa, tena tunaliomba bila kufikiri. Neno marehemu lenyewe lina maana ya aliyerehemiwa. Hatusemi haya ili tuwafunge watu midomo makaburini, bali yule mzee aliyemwonya dada yetu huenda alilisema neno hilo siku ya pili yake, akiwa na koleo la udongo mkononi.

Twajua pia kwa nini swali hili ni zito hasa katika upande ule wa nchi. Wafugaji wa kaskazini wamezika watu wengi waliokufa ghafula, kwa risasi za wezi wa mifugo, kwa ukame, kwa ajali za barabarani. Mtu huondoka asubuhi na ng'ombe, na jioni haletwi ila mwili. Hakuagana na mtu. Labda walikuwa wamegombana juu ya mbuzi mmoja. Waliobaki wana maneno kooni ambayo hayana pa kwenda. Mkatoliki ameonyeshwa mahali pa kuyapeleka: anachukua rozari. Sisi je, twampa nini mshiriki wetu usiku ule? Mara nyingi twampa mahubiri juu ya wale ambao hawajaokoka, kisha twaondoka na kumwacha. Hapo tumepungukiwa, na yatupasa kukiri.

Lakini tusidanganyike kwamba hatuna la kumpa. Maneno yote yaliyo moyoni mwako juu ya mama yako, mama, waweza kumwambia Mungu. Mshukuru kwa ajili ya mgongo ule uliokubeba. Mwambie mambo ambayo hukuwahi kumwambia mama, na kama ulimkosea, ungama kwa Mungu, maana msamaha unao kwake. Ukitamani kusema, "Bwana, mama yangu nimemwacha mikononi mwako," sema. Hilo si sala ya toharani. Tena huhitaji kumsaidia Kristo kumaliza kazi ambayo alikwisha kuimaliza msalabani. Umeuliza kama mama anakudai. Hakudai. Kama alikufa akimtegemea Mwokozi, na barua yako yaonyesha kwamba alimtegemea, yuko naye. Deni lake Kristo alilipa, na lako pia.

Limebaki jambo la mchango. Wako watakaokushauri utoe tu ili kelele ziishe, na wako watakaosema usiguse hata sukari ya chai yao. Sisi twakushauri hivi. Nenda kwa kaka yako kabla ya siku yenyewe, umwamkie kwa heshima kama ndugu mkubwa, umweleze wazi kwamba dhamiri yako haikuruhusu kutoa sadaka ya Misa, kwa sababu ya imani yako juu ya kazi ya Kristo, wala si kwa kumsahau mama. Usimwambie kwamba imani ya mama ilikuwa ya bure. Kisha mpe mkononi kitu cha kununulia unga, sukari na majani ya chai, na mbuzi mmoja kama waweza, maana watu watakuja na watakula. Asipokubali siku hiyo, rudi tena. Akitaja jina lako kati ya walioomba Misa, usiinuke kubishana mbele ya wageni. Mungu aujua moyo wako.

Umetuandikia kwamba Misa hiyo imewekwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, na kwamba hujui kama utakwenda. Nenda, mama. Wakati wa Komunyo baki mahali pako. Padre mwenyewe hatakutazamia uje mbele, kwa maana makanisa yetu bado hayajapatana juu ya meza hiyo. Zaburi waweza kuzisoma pamoja nao, na Baba Yetu pia. Wanapomwombea mama, wewe mshukuru Mungu kimya kwa ajili yake. Na jumuiya wakirudi nyumbani jioni, sufuria ziache hapo nje mpaka kesho. Ingia ndani, uketi na watu wa mama yako.